Kaburi Nyuma ya Jiko

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Wizi wa mtoto
Jina la shahidi: Limeandikwa kwenye jalada. Kazini huitwa Profesa, jina ambalo hakujichagulia.
Umri: Miaka 26
Elimu: Shahada ya kwanza ya fasihi na falsafa, daraja la kwanza
Kazi: Mwandishi na mkalimani wa barua za wafadhili, shule ya bweni
Makazi: Chumba cha kupanga, nyumba ya tatu nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma
Tarehe: 24 mwezi wa nne. Muda wa kuanza: Saa 3:10 asubuhi

Mimi mwenye wasifu ulioandikwa hapo juu, nikiwa na akili timamu, bila kutishwa wala kuahidiwa chochote, naeleza kama ifuatavyo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Maelezo ya ukurasa mmoja ambayo ofisa aliyaandika kwanza kwa niaba yangu nimeyakataa. Hayakuwa ya uongo, lakini yalianzia mwisho, na jambo likianzia mwisho sababu zake hazionekani.

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu kueleza kwamba mwanamke aliyeko mahabusu tangu jana, kwa tuhuma ya kumwiba mwanafunzi yatima, ndiye mama mzazi wa mwanafunzi huyo. Yuko hai. Mtoto si yatima. Yatima huyo nilimtengeneza mimi, mezani, kwa kalamu, na sasa yuko mbioni kupelekwa nje ya nchi.

Ofisa amenikatiza sasa hivi kuniuliza safari hiyo ni lini, na kama nina ushahidi wowote wa maandishi. Nimemjibu kwamba yote mawili yatatajwa mahali pake.

Shule yetu ina watoto mia moja na arobaini. Kila mmoja ana mfadhili ng'ambo, na kila muhula kila mtoto humwandikia mfadhili wake barua. Kusema kwamba wanaandika ni kupamba. Mwalimu wa zamu huandika barua moja ubaoni, watoto huinakili, nami huitafsiri. Na katika kuitafsiri humtia mtoto ndani yake. Huyu ameng'oka jino, yule anaogopa radi. Bila mimi, barua mia moja na arobaini zingekuwa barua moja. Silisemi hili kwa kujisifu. Ni maelezo ya kazi.

Mtoto anayehusika ni msichana wa miaka tisa, wa darasa la tatu. Wenzake humwita Kengele, kwa sababu ndiye anayegonga kipande cha reli kinachoning'inia karibu na jiko kila kipindi kinapokwisha. Mama yake ni mpishi wa shule na huitwa Mama Kengele. Kutoka meza yangu hadi mlango wa jiko ni hatua thelathini na nane.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa nane mwaka jana, saa nne asubuhi, Mkurugenzi wa shule aliingia ofisini kwangu na jalada la Kengele. Mfadhili wake, mwalimu mstaafu wa watoto wadogo, alikuwa hajajibu barua mbili mfululizo. Kwa kanuni ya shule, mfadhili akinyamaza mara tatu, mtoto hufungasha godoro na nafasi yake hupewa mwingine.

Mkurugenzi alisema, "Profesa, huyu wa kengele kabakiwa na barua moja. Mwandikie kitu cha kumshika mtu koo."

Nikamuuliza kitu cha namna gani.

"Si wewe ndiye uliyesoma? Au cheti kile ulikiokota?"

Niliandika barua hiyo kwa dakika arobaini. Ndani yake mama wa mtoto aliugua homa siku sita na kufa siku ya saba. Sentensi ya mwisho ilikuwa hii: "Sasa nagonga kengele ya shule kila siku, na kila nikigonga hutazama mlango wa jiko, nikingoja atoke." Nilipokuwa nikiiandika, Mama Kengele alikuwa nje ya dirisha langu akisugua sufuria kwa majivu na kuimba. Mlango nilioutaja ni ule aliokuwa akitoka na kuingia. Bado naiona kuwa sentensi nzuri.

Barua zetu hutumwa kwa barua pepe, na mfadhili alijibu siku ya nne. Alikuwa amelia, aliandika, hata dada yake akamfuata chumbani kuuliza kuna nini. Kengele alibaki shuleni.

Kuna watakaosema nilidanganya. Hoja hiyo niliipima wakati uleule. Mtoto aliendelea kusoma, mama aliendelea na kazi, mzee mmoja ng'ambo alipata mtu wa kumhurumia, na hakuna aliyepungukiwa. Kwa muda wa miezi saba hoja yangu haikuwa na ufa.

Mnamo tarehe 2 mwezi wa tisa Mkurugenzi alinipa fomu ya uthibitisho wa yatima niipeleke jikoni ikatiwe dole gumba. Mama Kengele hajui kusoma. Alijifuta mikono kwenye kanga na kunivutia kigoda.

"Profesa, mwanangu, hii karatasi inasemaje?"

"Inasema mtoto ataendelea kusoma."

"Na maneno yote haya?"

"Maneno ya ofisini, mama. Hayana ladha."

"Yatie chumvi, basi," akasema, akacheka, akabonyeza.

Fomu ilisema kwamba aliyeweka alama hiyo, mpishi wa shule na jirani wa marehemu, anathibitisha kifo cha mama wa mtoto, na kwamba mtoto hana ndugu mwingine yeyote. Kwa hiyo dole gumba linalothibitisha kifo cha Mama Kengele ni la Mama Kengele mwenyewe. Fomu hiyo ndiyo iliyoonyeshwa hapa kituoni jana.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mfadhili aliandika kwamba anakuja. Angefuatana na kundi la watu kumi na mmoja wa kujitolea, ambao wangepaka rangi ukuta wa darasa la pili. Ukuta huo ulikwisha kupakwa rangi mara saba katika miaka mitatu. Kila kundi likiondoka, fundi wa shule huukwangua kidogo ili kundi linalofuata likute kazi. Hayo nilikuwa nayajua na nilikuwa nikiyacheka. Kilichonikata kicheko ni mstari mmoja wa barua ile: mfadhili alikuwa amechongesha jiwe dogo lenye jina la marehemu, na alitaka kuliweka kwa mikono yake kaburini.

Mnamo tarehe 30 mwezi wa tatu, saa mbili asubuhi, nilimkuta mtunza bustani nyuma ya jiko akifukia matofali yaliyovunjika. Mkurugenzi alisimama kando, mikono nyuma. Nilipinga. Nilisema ni afadhali tumwambie mgeni ukweli, tumwombe radhi, na mtoto abaki na heshima yake.

Mkurugenzi akatoa nakala ya barua mfukoni. "Ukweli wa nani? Huu mwandiko wa nani? Mimi ndiye niliyemzika mtu, au ni wewe?"

Nilipotazama tena tuta lile niliona jambo jingine, nikalisema, kwa sababu sijajifunza kuliona kosa nikalinyamazia: kaburi la miezi saba haliwezi kuwa na udongo mbichi wala kingo zilizonyooka kama za kitanda cha mboga.

Mtunza bustani aliegemea jembe lake. "Kwa hiyo, msomi, nimzike vizuri au vibaya?"

Nilimwambia alibonyeze katikati, apande nyasi, amwagie maji kila jioni. Alifanya hivyo. Ushauri wangu ulikuwa sahihi. Lile lililokuwa rundo la matofali likawa kaburi siku ile, kwa maneno yangu.

Siku hiyohiyo alasiri Mama Kengele aliitwa ofisini kwa Mkurugenzi. Nilikuwapo. Alielezwa yote kwa mara ya kwanza akiwa amesimama.

"Ni wiki tatu tu, mama," Mkurugenzi alisema. "Kufa wiki tatu hakutakupunguzia kitu."

"Nife, na nipike?"

"Upike. Wageni watakula nini?"

Alinigeukia. "Ndiyo yale maneno yasiyo na ladha, Profesa?"

Alikubali. Aliambiwa kwamba akikataa, mtoto ataondolewa siku hiyohiyo, na kwamba kuweka dole kwenye uthibitisho wa uongo ni kosa la kwenda jela.

Mimi nilikabidhiwa mtoto. Siku nne mfululizo, saa tisa hadi saa kumi alasiri, katika stoo ya vitabu, nilimfundisha sentensi mbili: "Huyu ni mpishi wetu. Mama yangu alifariki mwaka jana." Mara ya kwanza alicheka akidhani ni mchezo. Mara ya pili akasema, "Lakini mama yuko pale, anasafisha mchele." Siku ya tatu aliniuliza, "Mwalimu, nikisahau nikamwita mama?"

Nikamwambia, "Mama yako atafungwa. Dole lake liko kwenye karatasi."

Hakusahau tena. Siku moja kabla ya wageni kufika, Mama Kengele alinisimamisha kwenye ubaraza akiwa na ndoo mkononi. Alisema, "Jana tukiwa wawili tu, mlango umefungwa, kaniita mpishi. Umefundisha barabara." Kisha akaendelea na safari yake.

Wageni walifika tarehe 3 mwezi wa nne. Naomba ieleweke kwamba mfadhili hana hatia. Ni mama mtu mzima, mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyejua majina ya watoto wengi kuliko Mkurugenzi. Sijaona mtu mpole kama yeye, na upole wake ndio uliotumaliza.

Mnamo tarehe 5, saa nne na nusu asubuhi, tulikwenda kaburini: mfadhili, Mkurugenzi, mtoto na mimi nikiwa mkalimani. Mfadhili alipiga magoti kwenye nyasi za mtunza bustani na kuliweka jiwe. Alimwomba mtoto amwambie mama yake neno lolote. Mtoto alitazama tuta, kisha mlango wa jiko. Mfadhili alimfuata kwa macho na akaanza kulia, kwa kuwa alikuwa anaijua barua yangu.

Wakati huo Mama Kengele alitoka na sinia la glasi za maji. Hakuagizwa; mwenyewe alisema baadaye kwamba aliona mgeni amekaa juani. Mfadhili alipokea glasi kwa mikono miwili na kuniomba nimuulize kama alimfahamu marehemu.

Mama Kengele alijibu, "Mwambie nilimfahamu sana. Alikuwa mjinga. Alipenda watu waliosoma."

Nilitafsiri kwamba marehemu alikuwa mwanamke mwema aliyethamini elimu.

Mfadhili aliuliza kama aliteseka.

"Mwambie hakusikia kitu. Alikuwa anaosha sufuria."

Nilitafsiri kwamba alikufa kwa amani. Mfadhili alimkumbatia Mama Kengele, na sinia likaanguka. Mtoto aliokota glasi moja moja, akamkabidhi mama yake, akasema, "Shika, mpishi."

Mnamo tarehe 11, baada ya chakula cha mchana, mfadhili alitangaza mbele ya kundi lake kwamba ameamua kumchukua mtoto akaishi naye na kusoma kwake. Alisema hawezi kumwacha hapa akitazama mlango ambao hakuna atakayetoka. Kisha aliitamka sentensi yangu ya mwisho neno kwa neno; alikuwa ameikariri. Kundi lilipiga makofi. Nami nililazimika kuitafsiri kwa Kiswahili, mbele ya wapishi waliokuwa wakiondoa sahani.

Mkurugenzi hakushangaa. Alikuwa na fomu ya yatima, na shule ndiyo mlezi kisheria. Ruhusa ya kusafiri ilipatikana kwa siku nane. Kumpeleka mtoto ng'ambo, aliniambia, kutaleta wafadhili wengine.

Mnamo tarehe 22, saa nne asubuhi, Mama Kengele alikuja mezani kwangu. Hakukaa.

"Anarudi lini?"

Nilimweleza kwamba elimu ya ng'ambo ni ndefu, kwamba ni bahati ambayo wengi wanaililia, na kwamba baada ya miaka kadhaa mtoto mwenyewe angeweza kuamua.

"Mimi nimekuuliza siku, wewe unanipa hotuba."

Nikasema sijui.

"Basi niandikie barua. Kwa huyo mgeni. Sema mama yake yupo. Wewe si ndiye unayejua kuandika?"

Nilimwambia barua ya namna hiyo inahitaji kufikiriwa, kwa sababu ingetukosesha kazi sote, na ingemvunja moyo mtu mwema. Nilimwomba anipe siku mbili. Alinitazama, akasema, "Kuniua ulitumia dakika ngapi?" akatoka.

Jana, tarehe 23, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kengele haikulia. Saa moja na dakika arobaini na tano Mama Kengele alikamatwa katika stendi ya mabasi akiwa na mtoto, begi moja na chupa ya chai. Mkurugenzi ndiye aliyetoa taarifa. Saa tano asubuhi niliitwa hapa kumtafsiria mfadhili.

Ofisa wa zamu alimsimamisha mtoto mbele ya mama yake na kumuuliza, "Huyu ni nani wako?"

Mtoto alinitazama mimi. Alisema, "Huyu ni mpishi wetu. Mama yangu alifariki mwaka jana."

Alisema bila kukosea. Hata kituo baada ya sentensi ya kwanza alikikumbuka.

Ofisa alimuuliza tena, akajibu vilevile. Mama Kengele hakulia wala hakubisha. Alisema, "Mwacheni. Anafikiri ananiokoa." Kisha akanigeukia: "Mtafsirie mgeni na hilo."

Sikulitafsiri. Nilimwambia mfadhili kwamba mtuhumiwa hana la kusema. Sababu za kufanya hivyo ninazo, nimezipanga kichwani tangu jana, na hakuna hata moja inayosimama. Mtoto alirudishwa shuleni kwa gari la Mkurugenzi.

Sasa nayafikia yale aliyoyauliza ofisa.

Kwanza, ushahidi. Mkurugenzi hushikilia vitambulisho vya wafanyakazi wote wa jikoni na bustani. Cha Mama Kengele kimo katika droo ya pili kushoto ya meza yake, ndani ya bahasha ya kaki. Jina lililo kwenye kitambulisho hicho ndilo jina lililochongwa kwenye jiwe la kaburi. Chini ya jiwe hilo hakuna mtu. Mkichimbua tuta mtakuta matofali. Yeyote mwenye macho akiweka kitambulisho kando ya jiwe hahitaji hoja nyingine.

Pili, safari. Mtoto anaondoka na mfadhili leo hii. Gari linatoka shuleni saa tano na nusu asubuhi, na ndege inaondoka saa nane na nusu mchana. Naomba kitambulisho kichukuliwe, uwanja wa ndege upigiwe simu, na mtoto aulizwe mara ya tatu, mimi nikiwapo, ili nimwambie kwamba sasa anaruhusiwa kumwita.

Nimeyasoma niliyoandika tangu mwanzo, nimesahihisha palipohitaji, na nayakubali yote kuwa kweli na kuwa yangu, pamoja na yale yanayonihukumu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA OFISA MPOKEAJI

Nathibitisha kuwa shahidi ameandika mwenyewe, kurasa tisa, mbele yangu. Saa 3:20 asubuhi nilimuuliza kuhusu ushahidi na siku ya safari. Alisema hoja hujengwa kwa mpangilio. Saa 4:40 nilimuuliza tena. Akaniomba karatasi nyingine, kwa kuwa ukurasa wa nne ulikuwa na mafuto mengi na alitaka kuunakili upya. Saa 5:45 niliitwa kwenye ajali ya barabarani, nikarudi saa 7:30. Alikuwa bado anaandika. Alinikabidhi saa 8:10 mchana.

Saa 8:15 nilipiga simu uwanja wa ndege. Abiria walikuwa wamekwishapanda na mlango umefungwa. Ndege iliondoka saa 8:30 kama ilivyopangwa.

Saa 8:25 konstebo alitumwa shuleni. Droo ya pili kushoto ilikuwa na muhuri mmoja na kalamu mbili. Bahasha ya kaki haikuonekana. Nyuma ya jiko kulikuwa na tuta lenye nyasi na jiwe lenye jina. Hatuna kibali cha kufukua kaburi.

Maelezo haya nimemsomea mtuhumiwa mahabusu, kwa kuwa hajui kusoma. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza kama yameandikwa vizuri. Nikamwambia ndiyo.